Msumari wa Aproni

Alipoambiwa kwamba bunduki zimeonekana, mzee hakuruka wala hakupiga ukelele. Aliuliza kama chai imeiva. Binti yake, aliyekuja mbio mpaka ukanda wa kiatu ukakatika, alidhani hajasikia.

"Baba, bunduki! Zile zako!"

"Nimesikia, mama. Zimengoja miaka hamsini na miwili, zitangoja na chai."

Haikuwa jeuri, alikuwa amechoka tu. Kuna uchovu wa kubeba matofali, huo ukilala unaisha. Wake haukuwa huo.

Wakati wa vita, wavamizi walipokuwa wameushika mji, vijana wawili wa upinzani walimfuata kazini. Yeye alikuwa mwashi wa miaka ishirini na mitatu, mwenye kutumia mkono wa kushoto, na sifa yake ilikwisha kuvuka mitaa. Walimfunga kitambaa machoni, wakamlaza chini ya magunia ya mkaa ndani ya lori, wakamzungusha mpaka asijue mashariki ni wapi. Walipomfungua alikuwa katika chumba kisicho na dirisha. Ukutani palikuwa na shubaka la kutosha watu watatu kusimama, na ndani yake bunduki ishirini na nane, zimepakwa grisi na kuviringishiwa turubai. Akaambiwa azibe, akaziba. Kila nafasi iliyobaki aliishindilia maranda ya mbao hadi juu, ili mtu akigonga ukuta usilie. Kisha akarudishwa vilevile alivyoletwa.

Wiki ya mwisho ya vita wale vijana wakauawa. Amani ikaja, na wenzao wakaja kumuuliza, bunduki ziko wapi? Akasema hajui. Jamani! Fundi aliyejenga ukuta kwa mikono yake mwenyewe asijue ulipo? Hata mtoto angecheka. Wakakata shauri kwamba aliwauzia wavamizi, wakamwita Muuza Bunduki. Lisemwalo lipo, walisema, na hapo ikawa basi.

Hakuna aliyemgusa. Walimwamkia vizuri na kazi walimpa, maana kuta zake hazikuwa na mfano. Ila binti yake alipochumbiwa, upande wa mwanamume ulirudisha neno kwa heshima zote, kwamba wamefikiri upya. Sasa binti ana miaka arobaini na minane, anashona sare za shule, na hajawahi kumuuliza baba yake kama aliuza au hakuuza. Mkewe naye alikufa bila kuuliza. Hilo ndilo lililommaliza mzee. Maneno ya mtaani huzoeleka, lakini kimya cha nyumbani hakizoeleki hata kidogo.

Alimaliza chai, wakatoka.

"Wamezikuta wapi?" aliuliza njiani.

"Kule alikokuwa akifanya kazi mama."

Mzee alisimama. Jengo lile lilikuwa ghala zamani. Baada ya vita likawa mahali pa kufulia nguo za hospitali, na mkewe alifua mashuka humo miaka thelathini na mmoja. Akaendelea kutembea, polepole zaidi.

Msimamizi wa ubomoaji, mtu mnene mwenye vumbi hadi kwenye kope, aliwapokea mlangoni. Askari walikwisha kuzichukua bunduki. "Wamezihesabu mbele yangu," alisema. "Ishirini na nane. Haikupungua hata moja."

Nusu ya ukuta ilikuwa bado imesimama, plasta imebanduka. Mzee aliinama kwenye tofali la mwisho. Mwalimu wake wa uashi alimfundisha kubonyeza kidole gumba kwenye saruji mbichi kila amalizapo kazi, na gumba lake la kushoto lilipinda tangu utotoni. Alama ilikuwepo, imepinda. Akaweka kidole, kikaingia barabara.

Binti alitazama kidole, akamtazama baba. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Nisamehe, baba."

"Kwa lipi?"

"Kwa kutouliza."

"Ungeuliza ningejibu," alisema mzee, akampapasa bega. Alidhani siku hii ikija atacheka, au atapita mtaani kifua mbele. Alitaka kiti tu.

"Ukuta wenyewe ndio uliojifichua," msimamizi aliendelea kwa furaha. "Mtu wangu aliugonga, ukalia kama debe tupu! Mle ndani maranda yamebaki kiganja kimoja, yote yamekwenda na mchwa."

Mzee aliinua macho. Kwenye sehemu iliyosimama, usawa wa bega la mwanamke mfupi, palikuwa na msumari wenye kutu.

Hapo alikumbuka mkewe akiosha vyombo, amempa mgongo. "Ule ukuta ninaotundika aproni unalia mtupu," alisema. Naye mwashi maarufu alicheka mpaka akapaliwa. "Huyo si fundi, huyo ni mpishi! Ukuta wangu mimi ungelia?" Mwaka uliofuata alirudia: "Mume wangu, njoo uugonge tu." Akamjibu, "Niache kazi yangu nikagonge kazi ya mjinga?" Hakumwambia tena.

Naye alikwisha kugonga mji mzima! Kila nyumba aliyoitwa kukarabati, aligonga kuta akitafuta mlio mzito wa maranda, si wa utupu. Mchwa hakuwatia katika hesabu. Miaka yote aliamini mkewe alinyamaza kwa sababu hamwamini, kumbe mkewe alisema, mara mbili, tena kwa upole.

"Mzee," msimamizi alisema, daftari mkononi, "niandike fundi alikuwa nani?"

"Mimi."

"Niongeze nini?"

"Andika alikuwa mjinga."

Msimamizi alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Binti alimshika baba mkono kumwongoza nje, lakini mzee alijitoa taratibu, akausogelea ukuta. Alikunja vidole, akagonga mara moja chini ya msumari. Ukuta ukalia.

"Nimekuja, mke wangu," alisema. "Nimeugonga."