Oili ya Lori la Bia

Bahizire alisema uongo wake mezani, saa ya chai, akiwa na kandambili miguuni, na hakuwa na haja nao hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Mtu akidanganya ili aokoe shingo yake, unaweza kumwelewa. Yeye alidanganya ili binti yake amtazame vizuri.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2021. Sydney ya magharibi ilikuwa imefungwa, na helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa ya Minto, mtaani kwao, kana kwamba corona ingeonekana kutoka juu. Ghala alilofanyia kazi lilikuwa limefunga milango kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Mkewe, Yvette, alikuwa kwenye nyumba ya wazee huko Campbelltown, shifti juu ya shifti, kwa hiyo kumsimamia binti yao Aksanti na masomo yake ya kompyuta kukamwangukia baba. Aksanti alikuwa na miaka kumi na mitano. Kiswahili alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, tena kwa uchoyo, neno moja moja.

Siku hiyo mwalimu wa historia alikuwa amewapa kazi kuhusu viwanda vya magari vya Ulaya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baba akavuta kiti. Virusi na hesabu za aljebra vilikuwa vimemshinda, lakini magari aliyajua. Kwao, kusini mwa Bukavu, alikuwa fundi wa kusifika kabla Australia haijamfanya mbeba maboksi.

Wakasoma pamoja. Wakasoma jinsi Volkswagen, gari lililoahidiwa familia za Ujerumani, lilivyogeuzwa kuwa gari la askari, likaundwa kwa mikono ya watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa. Wakasoma jinsi wenye Renault walivyonyang'anywa kiwanda na serikali ya Ufaransa baada ya vita, kwa shutuma za kumfanyia kazi adui. Halafu wakafika kwa Citroën. Hao, inasimuliwa, walilazimishwa kuwaundia Wajerumani malori, wakaunda, lakini alama ya kwenye kijiti cha kupimia oili wakaishusha. Dereva anachomoa kijiti, anaona oili imejaa, anaondoka zake akipiga mluzi. Kumbe oili ni pungufu. Akifika mbali, injini inajikaanga yenyewe na kukwama.

Bahizire alicheka mpaka akapaliwa na chai. Aksanti naye akacheka, jambo ambalo halikuwa limetokea mezani hapo kwa muda mrefu. Kisha akamkazia macho baba yake. Alikuwa amewahi kuwasikia wakubwa wakisema kwamba zamani za vita baba alishikwa na watu wenye bunduki, wakamtengenezesha magari yao.

“Did you ever do that, Papa?” akauliza. “Kama hao?”

“Nilifanya,” Bahizire akasema.

Hakufanya. Watu wenye silaha walikuwa wamepora lori la Mercedes la kampuni ya bia, nalo likawafia mikononi. Wakamtoa fundi nyumbani kwake, wakampeleka kwenye uwanja wao, wakamsimamishia kijana mwenye bunduki mgongoni. Akafungua injini, akabadilisha gasketi, akasafisha pampu ya dizeli, akajaza oili hadi kwenye alama yake halali. Lori likawaka. Asubuhi iliyofuata likapakiwa wanaume wa mji na kupanda nao mlima kuelekea msituni, na hakuna aliyerudi.

Lakini binti alikuwa amesogea mbele kwenye kiti chake, macho yamemtoka kwa fahari, na baba akanogewa. Akatia chumvi. Alisema alikata kijiti kwa tupa, akachora alama nyingine, na lile lori likaja kufa njiani, wale majambazi wakarudi kwa miguu wakitukanana. Aksanti aliandika kila neno.

Mwalimu aliisifu mno kazi hiyo. Sifa zikamfikia mchungaji wao wa kanisa, na Jumapili mchungaji akamwomba Aksanti aisome kwenye ibada ya Zoom, yeye mwenyewe akitafsiri mstari kwa mstari. Bahizire alikaa kando ya binti yake na shati la pasi, akatabasamu kama bwana harusi. Watu wakafungua vipaza sauti wakasema amina. Katika kimojawapo cha vile visanduku vya kioo alikuwamo Chibalonza, mwanamke wa mji wao, anayeishi Toongabbie, mtaa mwingine wa Sydney. Yeye hakusema amina. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

“Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea chakula kule uwanjani,” Yvette alimwambia mumewe jikoni baadaye, akiosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. “Ile kamio, lori lile la bia, ilinguruma kama mpya.”

“Ni maneno ya shule tu.”

“Chibalonza alikuwa anasikiliza, Bahizire.”

Mume wa Chibalonza, Anicet, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mmoja wa wale waliopakiwa. Kwa miaka yote ya kambi ya wakimbizi, na miaka yote ya Sydney, Chibalonza alikuwa amekataa kuitwa mjane. Mwaka huu tu ndipo alipolegea. Alikuwa amemkubali Nduwimana, Mrundi mpole aliyefiwa na mke, msafisha mabasi, na harusi ilingoja makanisa yafunguliwe. Bahizire aliyajua hayo yote. Aliyajua wakati anatabasamu mbele ya kamera, na bado akatabasamu. Aibu ilimshika sasa, ikiwa imechelewa, na aibu ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote.

Alijiambia atampigia simu. Siku zikapita, hakupiga. Kila alipoishika simu alijikuta akitafuta namna ya kuusema ukweli bila Aksanti kuusikia, na nyumba ile ilikuwa ndogo.

Chibalonza akaja mwenyewe. Naye alifanya kazi na wazee huko Campbelltown, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusafiri. Asubuhi ile alishuka treni Minto, akasimama nje karibu na gari la Bahizire, barakoa usoni, sare ya kazi ndani ya koti. Bahizire akatoka akasimama mbali naye, kama sheria ilivyotaka. Aksanti alitokea mlangoni nyuma yake, akaegemea fremu.

“Baba Aksanti, sikuja kukaa,” Chibalonza alisema. “Niambie tu. Ile kamio ilikufia wapi?”

“Mama Chibalonza...”

“Ilikufa mbele ya kuvuka mto, ao ngambo? Kama ni mbele, Anicet alikuwa na mjomba pale. Wale watu wanajua kuficha mtu. Nilimwambia Nduwimana aningoje. Nilimwambia siwezi kuolewa huku mume yangu anatembea pahali.” Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya msichana karibu. “Miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?”

Neno moja tu lingetosha. Ngambo. Angesema ngambo, na matumaini yake yangekufa taratibu, na binti angebaki na baba yake yule mpya. Bahizire aligeuka akamwona Aksanti akimsikiliza.

“Haikufa,” akasema. “Mtoto nilimdanganya. Ile kamio niliitengeneza vizuri, Mama. Haikuwa na kosa.”

“Walikuwa wamekushikia bunduki,” Chibalonza akasema polepole. Alikuwa anampa njia ya kutokea. Hata katika hali ile, alimpa.

Bahizire alitamani kuipokea. “Bunduki ilinifanya nitengeneze,” akasema. “Kutengeneza vizuri, hapo ni mimi. Sikufikiria hata kidogo kuiharibu. Ilipowaka nilifurahi. Nilisahau ni ya nani.”

Nyuma yake alisikia mlango wa chumba cha Aksanti ukifungwa. Haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, na angependa ubamizwe.

“Niliisikia ikipanda mlima,” Chibalonza alisema. “Nilikuwa namwomba Mungu ikufe. Nilisikiliza mpaka sauti ikaisha, na haikukohoa hata mara moja.” Alivua miwani iliyojaa ukungu wa barakoa, akaipangusa kwenye koti. “Basi ni kazi yako nilikuwa nasikiliza.”

“Nisamehe.”

Chibalonza alitoa simu mfukoni, akabonyeza jina, akaiweka juu ya boneti ya gari kwa sauti ya wazi, kisha akarudi nyuma ili Bahizire aweze kusogea.

“Mwaka mzima nilijifunza kumwambia Nduwimana kuwa Anicet alikufa,” akasema. “Mara ya pili sitaweza. Leo utasema wewe.”

Simu ikaita. Nduwimana akapokea haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi tangu alfajiri.

“Chibalonza? Umemwona huyo fundi? Anicet yuko hai?” Alikuwa anahema, na haikujulikana ni kwa hofu au kwa furaha. “Kama yuko hai tutamtafuta pamoja, usiogope. Mimi nitakusaidia kumtafuta.”

Chibalonza alikuwa amegeukia barabara. Bahizire akainama juu ya boneti.

“Ni mimi, Bahizire, ndugu yangu,” akasema. “Kamio ilifika msituni, na Anicet ndani.”