Pamba ya Kwanza ya Msimu

Mimi si kiziwi, tuelewane hapo kwanza. Nimemwambia Mugeta, msimamizi wetu pale kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, nimemwambia mpaka koo limenikauka. Misimu ishirini na miwili nimesimama mbele ya mashine ile, na ni mimi ninayejua kwa sikio tu kwamba mkanda umelegea. Leo eti nisiiguse tena mpaka nikapimwe masikio Musoma! Khaa! Na msimu unafunguliwa Jumatatu.

Masikio yangu nilikuwa nayakinga, tena vizuri. Sisi kiwandani tuna desturi yetu. Kabla robota la kwanza halijafungwa, kila mtu anachukua pamba ya kwanza ya msimu, anaisokota, anaziba masikio. Waliotufundisha kazi walikuwa wanafanyaga hivyo. Mwaka juzi Mugeta alipoleta vile vifuniko vyekundu vya plastiki, tulicheka. Mtu wa Bunda aletewe kitu cha kuziba sikio, na pamba analima mwenyewe? Mugeta akasema sikio la kufa halisikii dawa. Tukazidi kucheka, na changu nikakitundika msumarini.

Ila kuna mambo siyaelewi. Nyumbani kuna nyenje, analia asubuhi mpaka jioni. Nimetoa kitanda nje, nimemwaga maji kwenye nyufa, simpati. Juzi nilikwenda Butiama kwa shemeji yangu Ryoba, nikamkuta nyenje yule yule. Nikamwuliza Ryoba, ndege wenu wamehamia wapi, mbona miti imenyamaza hivi? Akaniangalia, akamwangalia dada yake.

Dada yake ndiye mke wangu, Yunis. Yeye naye siku hizi anaongea chini chini kama mtu mwenye siri. Nikimwambia apaze sauti, anasema ameshapaza. Nimemgombeza sana kwa hilo, naona aibu kusema.

Jumatano tukapanda basi hadi Musoma, mimi na yeye. Nesi mmoja anaitwa Dafroza, binti mpole, akatuingiza kwenye kachumba kadogo. Yunis akakaa kwenye benchi nyuma yangu. Nesi akanivalisha hedifoni, akanipa kitufe.

"Baba, ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, bonyeza."

Ukaja mlio mzito. Nikabonyeza. Ukaja wa pili, nikabonyeza. Na wa tatu. Nikacheka moyoni, Mugeta atanitambua! Halafu kimya.

Nikasubiri. Nikaona mkono wa nesi unazungusha kitu kwenye mashine yake, unazungusha tena, unazungusha zaidi. Hakuna kitu, ni nyenje tu. Ala, kumbe hata Musoma yupo! Nikajua mashine yao imekufa. Nikavua hedifoni.

"Binti, mashine yako imekata. Angalia waya, mimi ni fundi."

Akasogea mbele ya uso wangu, akasema polepole. "Haijakata, baba. Tumemaliza."

"Tumemaliza nini? Mlio wa nne uko wapi?"

Akaniuliza kazini nilikuwa navaa nini. Nikamweleza habari za pamba, kwa fahari kabisa, nikamtajia na yule nyenje ninayemtafuta chini ya kitanda. Akatikisa kichwa.

"Pamba inapitisha kelele, baba. Ni sawa na kujikinga mvua kwa chandarua. Na huyo nyenje hayupo chini ya kitanda, ni masikio yako yenyewe yanalia. Kilichokufa humo ndani hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kukikinga."

Sikumwamini hata kidogo. Mtoto wa juzi huyu, mashine imemshinda anasingizia pamba yetu! Nikageuka nimwambie Yunis tuondoke, tutafute hospitali nyingine yenye vifaa vizima. Nikamkuta analia, amejiziba mdomo kwa kanga.

"Wewe nawe unalia nini? Mashine mbovu tu hii."

Akainuka, akaja akanishika mabega, akaniwekea mdomo sikioni kabisa.

"Baba Enoka, mimi nilikuwa kwenye benchi. Sikuvaa kitu. Milio nimeisikia mpaka huku nyuma, mingine mikali mpaka nikaona utaruka. Wewe umekaa tu, unatabasamu."

Nikaogopa, nasema kweli. Nikamwuliza ilikuwa mingapi. Akasema aliacha kuhesabu.