Hodi ya Tatu Ubavuni mwa Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ubavuni mwa mama yangu. Nilivua ndala mlangoni, maana ndani palikuwa pamepigwa deki.

Ngoja nieleze. Mwaka juzi mama aliugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yakakauka, maumivu yakabaki kwenye mbavu za kushoto; hata kanga ikimgusa anaruka kama kaunguzwa. Mimi na wadogo zangu tulikulia mgongoni kwake. Mwanangu Eliwaza hajawahi kubebwa na bibi yake hata siku moja. Jana daktari alimdunga sindano ya ganzi chini ya ubavu, karibu na mshipa wa fahamu. "Tuone atakavyolala," akasema. "Wengine maumivu hurudi."

Basi, mle ubavuni ni nyumba yetu ya zamani, Same. Mbavu ndizo kenchi za paa. Makande yanachemka, redio inasoma salamu. Kwenye kigoda ameketi Mshipa, mzee mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea magodoro, kavaa koti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe si yule aliyekuwa akimkojolea mama yake mgongoni?"

"Ndiye mimi."

"Umekua. Kaa."

Sindano amesimama karibu na jiko, mikono kaikunja kifuani. "Mimi siui mtu," ananiambia. "Nimekuja kumlaza huyu mzee. Kosa lake ni adabu."

"Adabu ina kosa gani?"

"Maumivu yakipiga hodi, anasema karibu. Ugonjwa ulishaondoka, yeye bado anakaribisha."

Mshipa anakasirika. "Mtu apige hodi kwangu nimnyamazie? Mimi nimelelewa!"

"Hodi tatu bila jibu, mgeni anarudi kwao," anasema Sindano. "Hata maumivu yanaijua desturi hiyo. Nakijwa, mzee akilala, usiitikie. Ukiitikia tu, yanaingia, na mama yako ni yuleyule wa jana."

Mshipa anapiga miayo. "Na wageni je?" anauliza, kisha analala begani kwangu, mwepesi kama nguo iliyokauka.

"Hodi!" Ni sauti ya Mama Kilave, jirani aliyekuwa akituletea ndizi. Nanyamaza.

Ghafla tuko darasa la pili, mikono juu ya dawati. Mwalimu yuko mlangoni. "Hodi humu ndani!" Darasa zima linaniangalia. Nanyamaza, naona aibu.

Nyumba inarudi. Makande yameiva.

"Hodi kwa mama Nakijwa! Nimeleta miwa!"

Ni baba. Baba tuliyemzika. Ndivyo alivyokuwa akipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe kila akitoka kazini, nasi tukigombania mlango. Miguu yangu imeshasimama. Naingiza pindo la kanga mdomoni, nauma.

"Nakijwa, mwanangu. Hata wewe?"

Nauma zaidi. Machozi yanaloanisha koti la Mshipa.

Halafu hatua zinaondoka polepole, na mlango wa uani unafungwa vizuri bila kubamizwa.

"Ile sauti maumivu yaliiazima tu," anasema Sindano.

"Najua," nasema. "Lakini yangeiazima ya mtu mwingine."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda, na mama, ambaye kwa miaka miwili jogoo humkuta macho, bado alikuwa kitandani. Alipogeuka blauzi ikapanda. Mikunjo ya shuka ilikuwa imejichora kwenye mbavu zake, upande wa kushoto. Alikuwa ameulalia.

Akafumbua macho, akanitazama kwa hasira kidogo.

"Wewe Nakijwa. Watu wanapiga hodi usiku mpaka wanachoka, na wewe uko macho, kimya tu. Hayo ndiyo malezi niliyokupa?"

Nikamnyanyua Eliwaza, aliyekuwa akiamka pembeni yangu.

"Haya, lete huyo mtoto," akasema, akinyoosha kanga ya kumbebea mgongoni. "Nikufundishe tena tangu mwanzo."