Viti vya Gari Jekundu

Kwanza ulisikika msasa. Kwaru, kwaru, kutoka uani, na Biubwa aliyekuwa jikoni akikuna nazi akalegeza kanga begani.

"Leo umeanzia juu," alisema.

"Juu ndiko kulikochakaa," alijibu mumewe, Matano.

Kiti alichokuwa akikisugua kilikuwa cha gari jekundu la mashindano, la zamani, la viti viwili. Sadock, mwenye hoteli hapo Utende, alilishusha bandarini Kilindoni, na kwa kuwa barabara haikulifaa aliliweka chini ya makuti ili wageni walipige picha. Tangu juya la Matano, wavu wake wa kukokota, lilipopigwa marufuku kwenye hifadhi ya bahari, alishona mito ya hoteli kwa sindano yake ya kushonea tanga. Kiwanja walichokaa Sadock alikwisha kukinunua. Viti vikiwa tayari kabla ya Pasaka, alisema, watabaki. Visipokuwa tayari, nyumba itavunjwa.

Kila ufa uliozibika kwenye ngozi ya kiti ulifunguka mgongoni kwa Biubwa, kwa urefu uleule. Alipokwenda kuvuna mwani, chumvi iliingia ndani yake. Siku Biubwa alipokwenda hospitali Kilindoni, Matano alikipaka kiti mafuta ya nazi tangu asubuhi, lakini bila mkewe nyumbani hakuna ufa uliozibika.

Nesi Devotha aliutazama ule mgongo, akaandika kwenye daftari.

"Hii ni ya kiti," alisema. "Tena cha gari. Dawa yake hatuna, mama. Usilalie mgongo."

Ijumaa Sadock alikuja kuona. Kiti cha dereva kilikuwa laini, hakina hata mkunjo. Alikibonyeza kwa kidole gumba. Chumbani, Biubwa aliguna. Sadock akabonyeza mahali pengine, akasikiliza.

"Kazi safi, fundi. Ila cha pili kimechakaa zaidi. Mama atakuwepo wiki hii?"

"Atakuwepo."

"Basi asiende mwanini. Nakitaka Jumatano."

Matano aliingia chumbani na mafuta yaliyosalia kikombeni. Biubwa alikuwa amelala kifudifudi. Alimpaka, ufa mmoja mmoja, mpaka kikombe kikaisha.

"Mgongo umejaa," alisema Biubwa. "Cha pili kitaanzia wapi?"

"Usoni, nadhani."

"Nyumba itabaki?"

"Kasema itabaki."

Biubwa alijigeuza, akamtazama. Uso wake ulikuwa bado mzima. Matano aliugusa shavuni kwa nyuma ya kidole, kama agusavyo ngozi kabla ya kuanza kazi.

"Cha pili nitakwenda polepole, mke wangu," alisema. "Nakuahidi."