Unga wa Pasaka

Katekista Thadeus ndiye aliyeligundua jambo hilo kwanza. Bonareri alikatiza na ndoo yake ya maji mbele ya tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Komunyo, taa nyekundu ya kuonyesha kwamba Bwana yumo ikiwaka, wala hakupiga goti.

"Goti linakusumbua, mama?"

"Linauma kidogo," akasema Bonareri, akainama kupangusa sakafu.

Goti halikuwa na lolote. Thadeus, maskini wa Mungu, aliahidi kumletea dawa ya kuchua, kisha akapiga magoti mbele ya kile kisanduku na kusali kwa muda mrefu. Bonareri alishindwa kumtazama. Katika misheni nzima ile ya upande wa Gesima, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mle ndani hamkuwa na Bwana. Mlikuwa na unga wa mahindi.

Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyechoma hostia, vile vimkate vyembamba vya Komunyo. Mwaka ule wa 1968 mvua ilibomoa daraja siku chache kabla ya Pasaka, na unga wa ngano ukakwama Kisii mjini. Debeni vilibaki vikombe vitatu. Watu mia tatu wangekuja kwa miguu katika matope, halafu warudi mikono mitupu? Hostia kubwa ya padri aliichoma kwa ngano safi. Zile ndogo za watu akachanganya, kikombe cha ngano kwa vitatu vya mahindi, akachekecha mara mbili. Hakumuuliza mtu, kwa sababu jibu alilijua: Bwana alitwaa mkate wa ngano, na pasipo ngano padri hubariki chakula tu.

Huenda angelimeza hilo likapita. Lakini Jumatatu ya Pasaka mama yake, Nyamoita, aliyekuwa mgonjwa sana, aliomba ubatizo. Mwanamke huyo alikuwa amemcheka bintiye miaka yote kwa kushinda jikoni na "vichapati vya wazungu." Sasa alikuwa akisema, "Nipeni huyo Yesu wenu nami nimle kabla sijaenda." Padri Nyasani alivuka mto akiwa na hostia moja kutoka tabernakulo, moja ya zile zilizobaki siku ya Pasaka. Nyamoita akabatizwa, kisha akafumbua kinywa. Bonareri alikuwa amesimama pale pale kitandani, na alinyamaza. Jumatano wakamzika.

Jumamosi iliyofuata aliingia kwenye kitubio kuungama, akasema yote. Padri akamwondolea dhambi.

"Ulichoniambia hapa kinabaki hapa," akasema. "Siwezi hata kulifungua tabernakulo kwa sababu ya hayo. Ukitaka watu waache kuusujudia unga, toka nje, njoo unibishie mlango, uniambie kama jirani."

Akatoka. Akazunguka kanisa, akabisha. Padri alimfungulia kana kwamba hajawahi kumwona siku hiyo, akamsikiliza upya tangu mwanzo.

"Na mama yangu, Padri? Alipata nini?"

"Kinywani alipata mahindi. Sitakudanganya."

"Basi amekufa na njaa yake."

"Hapana. Yeye alimwita Bwana, na Bwana hafungwi na debe lako tupu. Alimwendea kwa njia yake mwenyewe."

Bonareri alikasirika, na hasira hiyo ilimshangaza mwenyewe. "Kama kumtaka kunatosha, mimi nachomwa vidole kwa nini miaka hii yote?"

Padri akamjibu, "Kwa sababu Bwana alisema twaeni mle. Sisi tumeagizwa kula, Bonareri. Mama yako alikuwa tayari kula, nawe ukamzuilia. Hilo ni lako. Mengine ni ya Mungu."

Jioni hiyo padri alizima taa nyekundu. Unga wa ngano ulikuwa umefika mchana vichwani mwa wachukuzi, na Bonareri akachoma hostia mpya, za ngano tupu.

Jumapili padri alisema atawaeleza watu bila kutaja jina. Bonareri akakataa. Alisimama mbele yao mwenyewe, akawaambia walichokula siku ya Pasaka, akawaambia na alichokula Nyamoita. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimwumiza zaidi. Thadeus aliinamisha kichwa.

Wakati wa Komunyo ulipofika, alibaki kwenye benchi lake. Hakuona sura ya kwenda nayo. Mstari ulipita kando yake polepole. Nyanchera, bibi kizee aliyeshinda njiani siku ile ya Pasaka kwa ajili ya kipande cha mahindi, alisimama, akamshika bega.

"Leo nampokea kwa ajili ya mama yako," akasema.

Aliyemfuata alikuwa amesikia. Naye akamshika bega. "Kwa ajili ya Nyamoita." Na wa nyuma yake, na wa nyuma yake, hata Thadeus, mkono baada ya mkono, mpaka mstari ukaisha. Bonareri alikuwa analia waziwazi. Akainuka, akawafuata.