Mikono Juu Mlangoni

Mimi wananiita Spika, na jina hilo sikupewa bure. Ni muuguzi, hospitali yetu ni ndogo, na mgonjwa akitushinda tunampakia kwenye gari la wagonjwa tunampeleka hospitali kubwa. Huko ndiko nilikofanyia vituko vyangu.

Tatizo la wale wa hospitali kubwa lilikuwa ukarimu. Haki ya Mungu tena! Gari likisimama tu, wanatoka mbio, huyu kashika machela kichwani, yule miguuni, "Karibuni, karibuni, leteni!" Mgonjwa keshapotelea ndani huku mimi bado natafuta pa kukanyaga nishuke. Siku moja waliondoka na mzee wa watu, mpira wa oksijeni ukabaki mkononi mwangu, nikawa kama mtu aliyebaki na kamba, mbuzi katoroka. Mzee alipona, lakini mimi usingizi ulinipaa.

Basi nikabuni sheria. Gari likifika, kila mtu mikono juu. Hakuna kugusa machela mpaka muuguzi aliyemleta mgonjwa aseme mambo manne: huyu ni nani, anaumwa nini, kapewa nini, na mimi kinachonitisha ni nini. Anayepokea anayarudia yote kwa sauti. Hapo ndipo mikono inashuka.

Walinicheka wakashika mbavu. Daktari mmoja wa pale, Mrefu tunamwita, akauliza kama na simu na pochi watoe kabisa. Matroni wao, mama asiyecheka ovyo, akasema, "Haya, tujaribu. Ila nikiona mgonjwa anazidiwa huku wewe unahutubia, nafuta siku hiyohiyo."

Na mgonjwa wa kwanza wa sheria yangu akawa nani? Wifi yangu mwenyewe! Mke wa kaka, mtu pekee katika ukoo wetu anayeweza kuninyamazisha, maana nikianza maneno ananikodolea macho mpaka nacheka.

Alikuja asubuhi, mimba ya miezi minane, uso umevimba, kichwa kinamgonga, presha juu. Kifafa cha mimba kilikuwa kinamnyemelea. Alihitaji kupasuliwa, na sisi chumba cha upasuaji hatuna. Nikampigia Mrefu, nikamweleza yote, akasema, "Mleteni, tunajiandaa." Nilikuwa naogopa vibaya sana. Na mimi nikiogopa nacheka, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimfunga wifi mkanda wa machela huku nacheka peke yangu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba abadilishiwe muuguzi.

Kaka, fundi makochi, alifika anahema, futi bado inaning'inia shingoni. Tukamweka mbele na dereva. Nikawa namsikia njia nzima: "Kanyaga mafuta, ndugu yangu! Kanyaga!" Dereva wetu hana haraka na mtu. "Bwana mkubwa," akamjibu, "gari hili linabeba wagonjwa, halitengenezi wapya."

Nyuma, wifi alikuwa ameacha kunijibu. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, nami nakitazama tu, sina hamu ya kuangalia kitu kingine duniani.

Tukafika. Mlango ukafunguliwa, nao hao wanakuja mbio kama kawaida yao. Nikapaza sauti, "Mikono juu!"

Jamani! Wote wakainua. Manesi, Matroni, Mrefu, msafishaji aliyeachia fagio likaanguka, hata mlinzi wa getini ambaye hakuambiwa kitu. Kaka naye akashuka mikono juu, macho yamemtoka. Mtu angepita barabarani angeita polisi. Nikabana kicheko, nikaanza.

"Huyu ni wifi yangu—"

"Jina lake, Spika," Matroni akanikata. "Ukoo wenu baadaye."

Nikataja jina lake lote. Nikasema presha, mimba, kichwa, macho yanayoona giza. Nikafika jambo la tatu. "Dawa ya kuzuia kifafa, dozi kubwa ya kuanzia, keshapewa yote. Tumempa wakati tunaondoka."

Mrefu akabadilika uso. Mikono yake ilikuwa juu kama ya wenzake, na mmoja umeshika bomba la sindano limejaa pomoni.

"Kwenye simu ulisema bado," akasema.

"Wakati ule bado. Presha ikapanda zaidi, daktari wetu akasema tusisubiri."

Ilikuwa dawa ileile. Ikizidi mwilini, pumzi inasimama. Pale kila mtu alilijua hilo isipokuwa kaka, na hakuna aliyemweleza. Kicheko kikaniisha.

"Na kinachonitisha," nikamalizia, "ni kwamba nampenda sana."

Hicho hakikuwa cha kitaalamu hata kidogo. Mrefu akarudia yote, polepole, jina, presha, mimba. "Dozi ya kuanzia keshapewa. Simpi tena." Akampa nesi lile bomba akalimwage. Hapo tu ndipo Matroni aliposema shusheni, nao wakamchukua mbio zao zilezile, safari hii nami nikiwa pembeni ya machela.

Saa za kusubiri sitaki kuzisimulia. Mlango wa upasuaji ulipofunguliwa, nesi alitoka na mtoto wa kike analia kwa hasira, akamkuta kaka amesimama ukutani, mikono juu.

"Baba, shusha basi. Huyu nimpe nani?"

"Nilidhani ni mpaka mmalize!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mrefu, aliyetoka nyuma ya nesi, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na barakoa yake, na Matroni, yule mama, akageukia ukutani mabega yanamcheza. Akasema kuanzia kesho yake kila gari litapokelewa hivyo, na anayebisha aje ofisini kwake.

Jioni nikaruhusiwa kumwona wifi. Alikuwa amechoka, sauti ndogo, nikainamisha sikio.

"Pale mlangoni nilikuwa nasikia," akasema. "Macho hayafunguki, lakini nasikia. Watu wote walikuwa kimya, wewe unanisemea. Nikajua wananisikiliza mimi."

Nikamshika mkono. Tukalia, tukacheka, tukalia tena, mpaka nesi wa wodi akaja kunifukuza.