Mgonjwa wa Maonyesho

Nesi Pyo Geum-ran alikuwa akitafuta mshipa wa tatu kwenye mkono wa Bibi Bun-nyeo. Miwili ya kwanza ilikuwa imeikwepa sindano, kama kawaida ya mishipa ya mtu ambaye hajala wala kunywa tangu jana jioni.

"Usiogope kuchoma, binti," bibi akasema. "Mkono huu umechuma pilipili miaka hamsini. Ngozi imeshakuwa gunia."

Sindano ikaingia. Geum-ran akaibana kwa plasta, akafungua dripu, akatazama saa ya ukutani. Saa mbili na nusu. Saa nne kamili Daktari Namgung angempitishia bibi mpira wa kamera kooni mpaka tumboni, na kwa kisu chembamba kinachopita ndani ya mpira huohuo angekibandua kivimbe cha saratani ambacho bado kilikuwa juu juu, kwenye utando wa tumbo. Hakuna kupasua. Kikishazama ndani, dawa ingekuwa kukata nusu ya tumbo.

Kilipaswa kutolewa tarehe tano Agosti. Lakini Chama cha Madaktari wa Tumbo na Utumbo kilikuwa kinangoja wageni mwezi Septemba, chama rafiki kutoka Ulaya. Wangetia saini makubaliano ya ushirikiano, kisha wangeonyeshwa matibabu moja kwa moja kutoka chumba hiki namba tatu hadi ukumbi wa ghorofa ya sita. Kivimbe cha bibi kilikaa mahali pazuri pa kuonyesha. Wakasogeza tarehe ya bibi wiki sita mbele, wakamwambia ana bahati, atatibiwa mbele ya mabingwa.

Televisheni ya chumbani ilikuwa imeunganishwa na ukumbi, ili daktari ayasikie maswali ya wageni. Bibi akalala akiitazama.

"Yule wa katikati ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye rais wa chama chetu. Aliye kando yake ni rais wa wageni."

"Na wale waliosimama nyuma?"

"Marais wa zamani."

"Wote wale? Kijijini kwetu, tangu niolewe, tumekuwa na wenyeviti wanne tu."

Geum-ran akacheka.

Saini zilichukua dakika mbili. Picha ndiyo iliyoila asubuhi. Walikuwa wameshapangwa na wameshapigwa picha mara tatu, mlango ukafunguka, akaingia mzee mmoja na mkongojo wake, rais wa chama wa miaka mingi iliyopita. Hapakuwa na mtu wa kuthubutu kumsimamisha pembeni. Akawekewa kiti katikati. Wa katikati akasogea kulia, wa kulia naye akasogea, na kila mmoja akaanza kumuuliza jirani yake alihitimu mwaka gani, ijulikane nani amemtangulia nani. Aliyeambiwa apite mbele alikataa mara mbili kwa adabu kabla ya kukubali. Wageni wakasimama wakitabasamu, mafaili ya ngozi vifuani.

Halafu zikaja salamu za pongezi. Kila rais wa zamani alikuwa na zake, na kila salamu ilikuwa na mkalimani.

Simu ya bibi ikalia. Alikuwa jirani yake.

"Mawingu? Upande gani?" bibi akauliza. "Basi zifunike turubai pilipili nilizoanika, ndugu yangu. Pilipili ikinyeshewa mara moja inaota ukungu, nani ataigusa?"

Saa tano Geum-ran akampigia Meneja Ma wa utawala.

"Dakika kumi, Nesi Pyo."

"Ulisema hivyo saa nne, meneja. Mgonjwa ana miaka sabini na mmoja, hajatia kitu kinywani tangu jana."

"Hata mimi sijanywa chai."

Saa sita na nusu masanduku ya chakula yakaanza kugawiwa kwenye televisheni. Bibi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Zile ni mbavu za ng'ombe?"

Geum-ran akanyoosha mkono kuizima.

"Iache, binti. Macho hayavunji mfungo."

Saa nane Daktari Namgung akaja akiwa bado na suti, ua la heshima limebandikwa kifuani. Alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia.

"Muda umetuishia," akasema. "Wageni wana treni ya saa tisa na nusu kwenda Seoul. Tumewaonyesha video ya mwaka jana."

"Si tumfanyie sisi wenyewe wakishaondoka?" Geum-ran akauliza. "Kila kitu kiko tayari, daktari."

"Ni kazi ya saa mbili nzima. Mtu wa dawa ya usingizi ameshaondoka, na mimi nimepangwa gari moja na rais wao." Akamgeukia bibi, akainama sana, na kuinama kwake hakukuwa kwa uongo. "Nisamehe, bibi. Nafasi ya karibu ni tarehe kumi na nane Novemba."

"Na hicho kivimbe," bibi akasema, "kimeambiwa kwamba ni Novemba?"

Daktari akalirekebisha ua lake ingawa lilikuwa limekaa sawa, kisha akaondoka.

Meneja Ma akaingia baada yake na karatasi iliyokwisha chapwa.

"Saini yako hapa, bibi, ili nafasi ya Novemba isipotee."

Geum-ran akaichungulia. Penye sababu paliandikwa: *Mgonjwa ameahirisha kwa hiari yake.*

"Meneja, hivi sivyo ilivyokuwa."

"Ni maneno tu. Kompyuta ina sababu nne: mgonjwa amefariki, amehama, hakufika, ameahirisha. Unataka niweke ipi?"

"Sina miwani," bibi akasema, kalamu mkononi. "Binti, hebu nisomee."

Meneja Ma akamtazama Geum-ran. Mkataba wa Geum-ran ulikuwa unakwisha Desemba, na Meneja Ma ndiye aliyekuwa akipeleka majina ya wanaobaki. Geum-ran akaiinamia karatasi.

"Inasema wewe ndiye uliyekataa kutibiwa leo."

Bibi Bun-nyeo akailaza kalamu juu ya karatasi. Akajiegemeza kwenye mto, akavuta blanketi mpaka kifuani.

"Sijakataa. Nilifika hapa saa kumi na mbili asubuhi, na bado nipo. Kuhama sijahama. Na hilo lingine, mtasubiri kidogo."

"Bibi, kitanda kinahitajika."

"Hata mimi nakihitaji."

Meneja akashusha pumzi. "Nesi Pyo, mtoe dripu."

Geum-ran akaiangalia chupa. Yalibaki maji ya vidole viwili. Akafungua kabati, akatoa chupa nyingine iliyojaa, akaitundika.